Anatembea kilomita 7 kwa siku na presha haishuki: kisa cha soja wa Kawangware

Alipoketi mbele yangu mwezi Machi, alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mistari mitatu ya ushauri aliopewa kwingine miezi mitano kabla: apunguze nyama, afanye mazoezi, asiwe na mawazo mengi. Akainyoosha mezani kwa kiganja, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Daktari, nyama ninayokula ni ile ya mwisho wa mwezi tu, nusu kilo, na tuko watu watano. Nipunguze ipi?"

Sikuwa na jibu. Ushauri ule haukuwa na kosa lolote kitabuni, ila aliyeuandika hakuwa amemuuliza mgonjwa wake anaishi vipi. Nimekuwa nikimfikiria tangu siku hiyo, ndiyo sababu naandika kisa hiki kwa urefu.

Mzee huyu ana miaka 47. Ni soja, yaani mlinzi, wa usiku kwenye lango la nyumba za kupanga huko Lavington, Nairobi, na kwao ni Vihiga, magharibi mwa Kenya. Anaishi Kawangware na mkewe na watoto watatu katika chumba kimoja cha mabati. Yeye na mkewe wameniruhusu kuandika, na majina yao pamoja na yale yanayoweza kuwatambulisha nimeyaacha nje. Mimi ni mtaalamu wa lishe katika kliniki ndogo upande wa Dagoretti, ingawa yeye mpaka leo ananiita daktari.

Aliletwa kwetu na mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban 100,000 ambao serikali iliwakabidhi mikoba Septemba 2023. Mikoba ile ina mashine ya presha na kipimo cha sukari, na mama huyo hupita nayo mlango kwa mlango. Bila yeye mzee asingekuja. Hakuwa anaumwa popote, na presha ndivyo ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Kenya wana presha ya juu, na wengi hawana habari kwa sababu hawajawahi kufungwa ile mashine mkononi.

Vipimo, na jinsi vilivyotaka kutudanganya

Kule kwenye ploti anapoishi, presha ilisoma 168/102. Mama alimpima saa moja asubuhi, mlangoni, mzee akiwa ndipo anawasili kwa miguu kutoka kazini, bado anahema. Presha haipimwi hivyo. Mtu anatakiwa aketi dakika 5 akiegemeza mgongo, miguu yote miwili ikiwa sakafuni, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo, asizungumze, na asiwe ametoka kunywa chai au kahawa. Tulipofuata utaratibu huo kliniki, ikasoma 156/98, na wiki moja baadaye 154/96. Kipimo kinachotambuliwa kuwa presha ya juu ni kuanzia 140/90, kikionekana kwa siku mbili tofauti. Kwa hiyo presha alikuwa nayo, ila si kwa kiasi alichoogopeshwa nacho mara ya kwanza.

Sukari nayo nusura itupoteze. Alipimwa saa mbili asubuhi, akasema hajatia kitu kinywani asubuhi hiyo. Ikasoma milimoli 7.3 kwa lita, na kuanzia 7.0 mtu akiwa hajala ni kisukari. Tabibu alikuwa tayari ameshika kalamu ndipo nilipomuuliza mzee, "Uliamka saa ngapi?" Akajibu, "Jana saa saba mchana." Kutoka hapo alikuwa amekula mara mbili, akanywa chupa nzima ya chai, na saa kumi usiku akateremsha soda. Kwake yeye "asubuhi" ilikuwa jioni ya siku yake. Tulimpima upya Jumatatu, siku yake ya mapumziko, baada ya kulala usiku, tukapata 6.2. Hicho ni kiwango cha katikati, kati ya 6.1 na 6.9, ambacho ni onyo lakini si kisukari bado. Nasimulia hili kwa sababu angeweza kutoka kwetu na jina la ugonjwa asiokuwa nao, kwa swali moja tu lililokosa kuulizwa.

Uzito wake ulikuwa kilo 74 kwa urefu wa sentimita 170, si mnene. Mikono na miguu imekauka kama ya mtu wa shamba. Lakini kiuno kilikuwa sentimita 98, na kwa mwanamume kikipita 94 hatari huanza kupanda, kwa sababu mafuta ya tumboni hukaa karibu na ini na viungo vingine na kuvuruga kazi ya insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu.

Saa 24

Niliweka fomu kando nikamwambia, "Mzee, nihadithie jana, tangu ulipofungua macho mpaka ulipoyafunga tena." Ilituchukua dakika 50, na watu kwenye foleni nje walianza kunung'unika. Nadhani dakika hizo ndizo zilizokuwa matibabu yenyewe.

Anaondoka nyumbani saa kumi na moja jioni, anakwenda kwa miguu kufuata Gitanga Road, kama kilomita tatu na nusu, ili afike kabla ya soja wa mchana kutoka. Kazi ni saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku 6 kwa wiki. Kurudi ni kwa miguu pia. Kwenda dakika 45, kurudi dakika 45, mara 6 kwa wiki, hizo ni dakika 540 za kutembea, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe angalau 150. Huyu ndiye aliyeambiwa afanye mazoezi.

Katikati ya safari hizo mbili kuna saa 12 za kukaa kwenye kiti cha plastiki kibandani. Anabeba chupa ya chai ya maziwa ya lita moja. Mkate mweupe anao, na wapangaji wakati mwingine humteremshia wali au chapati zilizobaki. Kati ya saa tisa na saa kumi usiku, macho yanapokuwa mazito kabisa, anafungua soda ya nusu lita aliyoinunua mapema. "Hiyo ndiyo inanishika," alisema. Akilala kazini anafukuzwa.

Nilimpa kijiko na bakuli la sukari nikamwomba achote kama anavyochota nyumbani, kisha nikapima kwenye mizani. Kijiko chake cha mlima kilikuwa gramu 6. Chupa ya chai huingia vijiko 8, hizo ni gramu 48. Soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50. Kikombe cha asubuhi kwenye kibanda, pamoja na mandazi matatu, kina vijiko 3, gramu 18. Jumla inakaribia gramu 120 za sukari ya kuongezwa kwa siku, bila kuhesabu iliyo ndani ya mandazi. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 50, na ingekuwa bora zaidi kama isingezidi 25. Tena sehemu kubwa ya sukari hiyo inaingia usiku wa manane, wakati ambapo mwili hauishughulikii sukari vizuri kama mchana. Karatasi ile ya ushauri ilitaja nyama, ikaisahau chai.

Kisha usingizi. Anafika nyumbani saa moja asubuhi, anawasaidia watoto kwenda shule, anakaa kidogo, analala saa tatu. Kufikia saa sita mabati yamepata moto, fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya ploti yuko kazini, na redio ya jirani haizimwi. Saa sita na nusu ameamka. Ni saa tatu na nusu za usingizi, na siku mbili kwa wiki anatoka hapo kwenda kukata nyasi kwenye maboma ya watu. Ameishi hivyo miaka 9.

Mtu akilala usiku, presha yake hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na hayo ndiyo mapumziko ya moyo na mishipa. Asiyelala vya kutosha huvinyima mapumziko hayo. Juu ya hapo, usingizi mfupi huamsha njaa na hasa hamu ya vitu vitamu, kwa hiyo ile soda ya saa kumi usiku haikuwa tamaa. Ilikuwa deni la usingizi likijilipa kwa njia nyingine.

Jambo la mwisho alilisema akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango. Ana mikopo mitatu ya simu. Mtoto wa kwanza yuko kidato cha tatu na karo haijakamilika. Ujumbe wa kudai huanza kuingia jioni anapoanza zamu, na usiku mzima anakaa na simu ile mkononi, peke yake, akihesabu. Ndipo nikaelewa kwa nini mstari wa tatu wa karatasi, ule wa "asiwe na mawazo mengi", alikuwa ameupigia mstari kwa kalamu.

Chumvi iko kwa mama

Hapa nilikosea. Nilimfundisha mzee habari za chumvi kwa robo saa, naye hajawahi kushika mwiko nyumbani kwake. Wiki iliyofuata nilimwomba aje na mkewe.

Nilimuuliza mama pakiti ya chumvi ya nusu kilo hukaa siku ngapi. "Kumi, kumi na moja." Gramu 500 kwa siku 11 kwa watu 5 ni gramu 9 kwa kila mmoja kwa siku, na kwa kuwa watoto hula kidogo, mzee anapata zaidi ya hizo. Kiwango cha mwisho kinachoshauriwa ni gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai. Swali hilo la pakiti nalipenda kuliko fomu zote tulizo nazo, maana hakuna anayejua anakula gramu ngapi, lakini kila mama anajua lini alituma mtoto dukani.

Kulikuwa na chumvi nyingine isiyoitwa chumvi. Viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi, hutiwa kila jioni. Na magadi. Mama anapika mrenda kama walivyopika kwao, na maharagwe makavu anayaivisha kwa magadi ili kuokoa makaa. Magadi yamejaa sodiamu, na ni sodiamu ndiyo inayofanya mwili ushike maji na kuipandisha presha. Ulimi hauionji kama chumvi, mishipa inaijua.

Nikamwambia aache vyote. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Dada, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikiacha vyote leo, hawa watoto watalala njaa chakula kikiwa mezani." Alikuwa na haki. Tukapanga upya, yeye akiongoza: viungo vya pakiti vikatoka kwanza, mahali pake pakaingia dania, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya zilizokaangwa mpaka zikaiva sawasawa. Maharagwe sasa yanalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, na yanaiva bila magadi kwa makaa yaleyale. Mrenda umebaki na magadi, kiasi cha ncha ya kidole, mara moja kwa wiki. Chumvi yenyewe inatiwa chakula kikiwa kinaepuliwa, kwa sababu ikitiwa mwisho ulimi huipata hata ikiwa kidogo. Mboga hatukugusa. Sukuma wiki, kunde, terere na managu tayari walikuwa wanakula kila siku, na potasiamu iliyomo inasaidia kuitoa sodiamu mwilini. Familia hii ilikuwa inakula vizuri kuliko wengi wanaoishi nyuma ya lango analolinda, na nilitaka walisikie hilo kutoka kwetu.

Usingizi kwanza

Nilichoamua, na tabibu akakubali, ni kuanza na usingizi kabla ya chakula. Wenzangu wawili kazini hawakuafiki, kwa sababu chakula ndicho kazi yangu. Lakini nisingeweza kumwondolea soda mtu anayelala saa tatu na nusu bila kumpa kitu kingine cha kumshika macho wazi.

Watoto sasa wanapelekwa na mama. Mzee anafika, ananawa, anakula kidogo, na saa moja na nusu yuko kitandani kabla joto halijapanda. Mlangoni na dirishani yametundikwa mablanketi mazito. Chini ya mabati walipigilia maboksi yaliyofunguliwa, yakapunguza joto na kelele. Chai mwisho saa nane usiku, kwa sababu kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, na ile ya alfajiri ndiyo iliyokuwa ikimvurugia usingizi wa asubuhi. Anavaa kofia pana njiani kurudi ili jua la asubuhi lisiuambie mwili kwamba kumekucha. Saa tisa alasiri analala tena kwa muda wa saa moja kabla ya kuondoka.

Chakula kikubwa kimehamia saa kumi jioni: ugali wa kawaida, mboga nyingi, na omena, ndengu au maharagwe. Usiku saa sita anakula yai la kuchemsha na ndizi, au kipande cha nduma, au njugu zisizo na chumvi. Sukari ya chupa ilishuka kutoka vijiko 8 hadi 6, kisha 4, kisha 2, kila hatua wiki mbili, tangawizi ikizidi. Soda ilikuwa ngumu kuliko yote. Aliiacha wiki ya sita, usingizi ulipokuwa umefika saa 5.

Mazoezi ya kutembea tulimpongeza, tukamwachia. Kilichokosekana ni nguvu ya misuli na kukatiza kule kukaa kwa muda mrefu. Kila saa anasimama, anazunguka uwanja, kisha anainuka kwa vidole vya miguu mara 20, anasukuma ukuta mara 15, anaketi na kuinuka kitini mara 10 bila kushika popote. Anasema saa kumi usiku mazoezi hayo yanamwamsha kuliko soda ilivyokuwa.

Kuhusu mikopo, sikumwambia apumue na kusahau. Tuliandika madeni yote kwenye karatasi moja, mkewe akiwepo, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuyaona yote. Alinyamaza, halafu akasema zamu yake ya kupokea pesa za chama itafika mwezi wa Juni. Shuleni mzee alikwenda mwenyewe na mpango wa kulipa kidogo kidogo, ukakubaliwa. Pesa ya soda, shilingi 70 kila usiku, baada ya kutoa ya yai na ndizi iliacha kama shilingi 1,000 kwa mwezi, ikaelekezwa kwenye mkopo mdogo kuliko yote. Simu ya zamu sasa inakaa na laini ya kazi peke yake. Kupumua polepole nilimfundisha pia, pumzi 6 kwa dakika kwa dakika 10, na kunasaidia kiasi. Lakini Jumapili zake mbili za mwezi alizokuwa akizilala mchana kutwa, amerudi kwaya. Nilimuuliza kama anajisikia tofauti, akaimba ubeti mmoja palepale kliniki, kwa sauti ya chini.

Wiki ya tatu, na baadaye

Tabibu alikuwa amemwanzishia kidonge cha presha kiitwacho amlodipine. Wiki ya tatu miguu ilivimba, naye, akijua kwamba figo zikiharibika miguu huvimba, aliogopa na kuacha dawa bila kutuambia. Alimwambia yule mama wa mkoba, ambaye alitupigia jioni hiyohiyo. Kuvimba vifundo vya miguu ni athari inayojulikana ya dawa hiyo, na kwa mtu anayekaa na kusimama usiku mzima inaweza kuonekana zaidi. Ilibidi tumwonye mapema. Alibadilishiwa dawa, figo zikapimwa zikawa salama, na uvimbe ukaisha. Kwa hiyo sitasema presha ilishushwa na ndengu na mablanketi peke yake. Dawa imo, na nimemwomba asiiache hata namba zikipendeza.

Mwisho wa Juni presha ilikuwa 134/84, kiuno 94, uzito kilo 71 na nusu, sukari 5.7, usingizi karibu saa 6 kwa vipande viwili. Mkopo mmoja kati ya mitatu ulikuwa umekwisha. Pakiti ya chumvi ilikaa siku 17.

Agosti shule zilifungwa. Watoto watatu katika chumba kimoja mchana kutwa, usingizi ukarudi saa 4, presha ikapanda 142/88. Hakutufichia, alikuja mwenyewe kabla ya tarehe yake. Tulipotafuta njia, mkewe ndiye aliyekumbuka kwamba shemeji yake wa Riruta anafanya kazi ya mchana na chumba chake hubaki kimefungwa. Mzee sasa ana ufunguo, na mwisho wa mwaka shule zitakapofungwa tena atajua pa kwenda.

Walipoondoka siku hiyo, mama alinionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa pakiti ya chumvi juu ya rafu, na kwenye karatasi yake ameandika kwa kalamu tarehe aliyoifungua.